Kokoto za Mama Kija

Evelina anaishi Usagara na mama mkwe wake, Mama Kija. Kila mwaka hukata viazi vitamu vipande vyembamba, huvianika, kisha huvihifadhi kwa miezi ya njaa. Vipande hivyo vikavu huitwa michembe. Mwaka juzi nusu ya michembe yao iliota ukungu. Walikunywa uji mtupu hadi mavuno, na Evelina hakutaka hali hiyo irudi.

“Mama, safari hii tuanike kwenye chanja,” alisema. Chanja ni kitanda cha fito kilichoinuliwa juu ya ardhi.

“Mimi naanika mwambani tangu usichana wangu,” alijibu Mama Kija. “Mwacha mila ni mtumwa.”

Mama mkwe ni mama mkwe. Hawakugombana, walikubaliana kujaribu kwanza kwa viazi vichache. Walianika mwambani, mkekani na chanjani. Vilipokauka walijaza makapu matatu, kila mahali kapu lake. Kila Jumapili, wakitoka kanisani, Mama Kija alitoa vipande vyenye ukungu. Kwa kila kipande alitia kokoto moja kwenye kibuyu, kama baba yake alivyohesabu ng’ombe.

Baada ya Jumapili nne Evelina aliuliza, “Kokoto za mwambani ni zipi?”

Mama Kija alichungulia ndani ya kibuyu. “Zote zimo humu.”

“Ndiyo mama, lakini zipi?”

Mama Kija alizimimina kokoto chini; zote zilifanana. Kazi ya mwezi mzima ilikuwa imepotea.

Jirani yao Projest, mwalimu wa sayansi, alipita kusalimia.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba. Njoo uone maajabu yangu.”

Alipoelezwa, Projest alicheka kidogo. “Kuhesabu umehesabu vizuri, mama. Tatizo ni kuchanganya. Kila mahali pawe na kibuyu chake. Na kila kapu liwe na vipande hamsini, la sivyo kapu kubwa litaonewa.”

Evelina alichora jedwali kwenye daftari. Upande wa kushoto aliandika mwamba, mkeka na chanja. Juu aliandika tarehe za Jumapili. Wakaanza upya.

Jumapili ya nne Projest alisema, “Sasa zipangeni kokoto chini, safu tatu. Zote zianzie mstari mmoja. Kati ya kokoto na kokoto, acheni upana wa kidole.”

Safu ya mkeka ilikuwa na kokoto kumi na tisa. Ya mwamba, kumi na moja. Ya chanja, tatu tu.

Mama Kija alizihesabu tena kwa kidole.

“Mwamba wangu umeushinda mkeka,” alisema.

“Umeushinda, mama.”

“Ila chanja imeushinda mwamba.” Akainuka. “Evelina, fito tulizonazo zinatosha?”

Evelina alifurahi sana. Viazi vya shamba kubwa vilikuwa bado ardhini, na vyote vilianikwa chanjani.

Miezi ya njaa ilipofika, walikula michembe na karanga. Majirani walikuja kubisha kwamba mwamba ndio bora. Mama Kija hakubishana nao. Aliwakaribisha michembe, kisha akaleta vibuyu vyake vitatu na kuanza kupanga kokoto.