Kadi ya Marehemu Bishoy

Asubuhi ile Shahinda aliingia ofisini kwao Tanta, Misri, akiwa na moyo mweupe. Alikuwa kwenye kipindi cha majaribio, na jioni mteja angekuja kuiona programu yake ya mtandaoni ya kusimamia miradi. Ikifanya kazi, ajira ni yake. Ikigoma, arudi nyumbani. Yote alipaswa kuyaandika kwa lugha ya JavaScript, kuanzia kurasa za mbele hadi seva na hifadhidata. Nani ana muda wa kuanzia sifuri? Akafanya kama wafanyavyo wote pale: akanakili mradi wa zamani, wa marehemu Bishoy, na jina la Bishoy akaliacha humo kama mtumiaji wa majaribio.

Bishoy alikufa sikukuu ya majira ya kuchipua, Sham el-Nesim, baada ya kula fesikhi, samaki wa kuozeshwa kwa chumvi, aliyeletwa ofisini na bosi Wagdi. Wagdi mwenyewe hakuonja. Alisema tumbo linamsumbua.

Kujaribu mitambo, Shahinda aliandika kadi ya kazi: "Safisha friji." Akampa Bishoy. Kadi ikahama yenyewe kutoka "Ya kufanya" hadi "Inafanyika", kisha "Imekwisha". Akadhani kakosea msimbo. Ndipo harufu ilipomfikia.

Friji ya pale ofisini ilikuwa tupu. Hata jibini lililoota ukungu lilikuwa limeliwa, na mabakuli yamelambwa. Kwenye rafu ulitandaa ute wa kijivu, mzito, uliochanganyika na magamba. Ulikuwa bado una uvuguvugu. Akatapika sinkini.

Alipomsimulia Wagdi, bosi alicheka mpaka akafuta machozi. Akamwinamia begani na pumzi yake ya sigara, akainyakua kibodi.

"Basi na mimi anihudumie."

"Bosi, jina lake liache."

"Binti, unaogopa kompyuta?"

Akaandika: "Mletee Wagdi chakula." Akampa Bishoy.

Kadi ikahama. Inafanyika.

Wagdi akakohoa. Akatoa kitu ulimini. Gamba. Akakohoa tena. Magamba mawili, na uzi wa ute uliomning'inia kidevuni. Ukamtoka na puani. Alinuka kama pipa la samaki lililosahauliwa juani.

"Ifute," alinong'ona.

Shahinda akabonyeza. Programu ikakataa: kazi iliyoanza haifutiki, wala mtumiaji mwenye kazi isiyokwisha hafutiki. Sheria hiyo aliiandika yeye mwenyewe asubuhi, akajisifu. Ilibaki njia moja, kumkabidhi kazi mtumiaji mwingine. Na mwingine alikuwa mmoja tu.

Wagdi alikuwa chini sasa. Macho yamemtoka.

Shahinda akachagua jina lake mwenyewe. Akamfuta Bishoy. Hapo hapo bosi akavuta pumzi.

Jioni mteja aliridhika. Wagdi, bado kakwajuka, alimwambia Shahinda kuwa ameajiriwa, akampa mkono. Mkono ule ulikuwa unateleza. Shahinda alijisugua mikono kwa sabuni na ndimu mpaka ngozi ikawasha, akaenda nyumbani, akalala usingizi mzito usio na ndoto.

Kesho yake, kabla hajanywa chai, mke wa Wagdi alimpigia simu.

"Asante mwanangu kwa chakula ulichotuletea jana usiku," alisema. "Nilikukaribisha ndani, ukasimama tu mlangoni, husemi. Ila mume wangu amekila chote. Mpaka sasa namwamsha, haamki."

 Shahinda aliifungua programu. Kadi ilikuwa chini ya jina lake, kwenye "Imekwisha".

Simu ikaanza kumteleza mkononi. Akatazama vidole vyake. Chini ya kila ukucha palikuwa na gamba.