Muuza Mayai na Klachi Iliyoungua

Kila asubuhi muuza mayai alipakia trei arobaini kwenye pikapu yake. Alizifunga kwa kamba, akaivuta kamba mara mbili, kisha akaondoka kwenda kwa wateja. Mkewe alikuwa fundi cherehani. Yeye alikwenda kwa miguu hadi dukani kwake, katikati ya mlima, kando ya barabara ya lami.

Wateja wa mayai hawakuwa upande huo. Hata hivyo, kila siku saa nne muuza mayai alipita pale.

Sababu yake ilikuwa mtu mmoja, fundi wa magari waliyemwita Spana. Spana alikuwa jirani yao, nyumba ya tatu. Alikuwa mcheshi, na ovaroli yake ilichanika karibu kila wiki. Ikichanika, aliipeleka kwa fundi cherehani.

"Shemeji, nishonee upesi, nusu ya mtaa imeshaniona magoti!"

Shemeji alicheka mpaka akashika mbavu.

Muuza mayai aliwahi kukisikia kicheko hicho akiwa mlangoni, na tangu siku ile hakikumtoka masikioni. Nyumbani mkewe hakucheka hivyo siku hizi. Alijiuliza: je, nitampoteza mke wangu hivihivi, kwa ajili ya ovaroli?

Basi alipanda mlima polepole na kusimama nyuma ya kibanda cha magazeti. Kutoka hapo yeye aliliona duka, lakini waliokuwa dukani hawakumwona. Hakuzima injini, maana alitaka kuondoka haraka mtu akitokea. Hakuvuta breki ya mkono. Alikanyaga klachi nusu na mafuta kidogo, pikapu ikaning'inia mlimani, haiendi mbele wala hairudi nyuma. Alichungulia dakika tano. Siku ambazo Spana alikuwamo, alichungulia dakika kumi.

Baada ya miezi miwili pikapu ilianza vituko. Injini ilinguruma sana, lakini gari halikuongeza mwendo. Kwenye mlima ilitoa harufu ya kitu kilichoungua.

"Injini imechoka," alisema, akabadilisha plagi. Haikusaidia.

"Si umwite Spana aitazame?" mkewe akauliza.

"Spana, Spana! Fundi mwingine hakuna duniani?"

"Wapo. Lakini huyu ni jirani."

"Nitatengeneza mwenyewe."

Akafungua boneti. Akaona nati ya waya wa klachi, akaikaza mpaka mwisho. Alidhani kukaza ni kuipa klachi nguvu. Kumbe aliizidishia ugonjwa.

Siku tatu baadaye alikuwa tena nyuma ya kibanda. Dukani Spana alikuwa akionyesha tundu jipya kwenye mkono wa ovaroli, na fundi cherehani alicheka huku akijifuta machozi. Muuza mayai aliwatazama robo saa nzima. Moyo ulimuuma. Alipotaka kuondoka, akakanyaga mafuta. Injini ikapiga kelele, na pikapu ikaanza kurudi nyuma!

Akakanyaga breki kwa nguvu. Trei mbili zikaanguka barabarani. Moshi ukapanda kutoka chini ya gari.

Mkewe akatoka mbio, futi ya kupimia ikiwa shingoni. "Baba watoto! Unafanya nini huku?"

"Na... napita tu."

Spana alikuwa tayari ameweka jiwe kubwa nyuma ya gurudumu. "Vuta breki ya mkono, kaka. Zima injini, iache ipoe."

Kaka! Neno hilo lilimchoma kuliko ule moshi.

Pikapu ilipopoa, waliishusha taratibu hadi nyumbani. Alasiri Spana akaja na kisanduku chake cha vifaa. Mke wa muuza mayai ndiye aliyemwita. Hakuomba ruhusa.

"Kaka, njoo uone, ili siku nyingine ujue mwenyewe," Spana alisema. "Ndani kuna pleti. Ukiachia pedali, pleti inabanwa na nguvu ya injini inafika kwenye magurudumu. Ukikanyaga, pleti inaachiwa. Ukikanyaga nusu, pleti inasuguana. Inapata moto na kuisha. Injini ikinguruma na gari haliendi, pleti inateleza."

"Na gia zikigoma kuingia, zikakwaruza?"

"Hapo ni kinyume. Klachi haiachii vizuri. Huenda waya umelegea. Kwa magari yanayotumia mafuta badala ya waya, tazama kama mafuta yamepungua. Sasa bonyeza pedali kwa mkono. Inatakiwa icheze kidogo, kama upana wa kidole, kabla ya kuwa nzito. Kipimo kamili kiko kwenye kitabu cha gari."

Muuza mayai akabonyeza. "Haichezi kabisa."

"Nani aliikaza?"

"Mimi."

"Basi ni kama mguu wako uko juu ya klachi mchana kutwa, hata ukiwa umelala." Spana akakuna kichwa. "Lakini harufu ilianza kabla ya hapo. Wewe hubebi mzigo mzito. Unasimama wapi mlimani?"

Muuza mayai akaanza kuifuta pedali kwa kitambaa.

"Subiri," mkewe akasema. "Kila siku saa nne nasikia gari linalia nyuma ya kibanda cha magazeti. Ni wewe?"

Alitazama kucha zake. "Ni mimi."

"Unafuata nini pale?"

"Nakutazama. Wewe na... yeye."

Spana akajifanya ameangusha kitu. Akaingia chini ya gari.

"Miaka kumi na miwili ya ndoa," mkewe alisema. "Na bado unanichungulia kama mwizi! Kwa nini hukuingia ndani?"

"Niliogopa nitakachokikuta."

"Ungekikuta kitambaa. Ungekuta matundu ya ovaroli, ucheke na wewe. Nyumbani nicheke na nani? Unarudi umenuna, unakula kimya, unalala. Nilidhani umenichoka."

"Mimi? Nikuchoke wewe?" Akainua macho. Mkewe alikuwa akilia. "Nisamehe, mke wangu. Nimekukosea."

Mkewe akamgeuzia mgongo.

"Shemeji, kaka," sauti ikatoka chini ya gari, "nitoke, au nilale hukuhuku?"

Mkewe akacheka huku machozi yakimtiririka. Muuza mayai naye akacheka, kwa aibu.

"Toka," alisema. "Nawe nimekukosea. Nifundishe."

Spana akampa spana mkononi. Muuza mayai akailegeza nati mwenyewe, kidogokidogo, mpaka pedali ikacheza upana wa kidole. Kisha wakapima. Waliweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu. Mkewe akasogea pembeni, mbali na njia ya gari. Muuza mayai akavuta breki ya mkono, akawasha injini, akatia gia ya tatu. Akakanyaga mafuta kidogo, akaachia klachi taratibu.

Injini ikazima.

"Imekufa!"

"Kuzima ndiyo uzima wake!" Spana akapiga kofi. "Pleti inashika. Ingeendelea kunguruma, ingebidi tushushe gia boksi tubadilishe pleti. Lakini usirudierudie kipimo hiki, nacho kinaichoma. Na ukishatia gia, ondoa mguu juu ya klachi. Mlimani gari lishikwe na breki."

Mkewe akafuta uso kwa ncha ya kanga. "Na mimi nina langu," akasema. "Kesho saa nne, ukija, ingia."

Kesho yake muuza mayai alisimamisha pikapu mlimani, mbele kabisa ya duka. Alivuta breki ya mkono. Alizima injini, akatia gia ya kwanza, akaweka jiwe nyuma ya gurudumu. Kisha akasimama mlangoni, hajui aweke wapi mikono.

"Shika hapa," mkewe alimwambia, akampa ncha ya kitambaa kirefu. "Vuta kidogo. Nakata."

Mkasi ukaanza kupita. Mara Spana akatokea, ovaroli begani.

"Shemeji! Safari hii ni mfuko!"

Wivu wa zamani ukamrudia muuza mayai, akaikaza ncha ya kitambaa. Akamtazama mkewe. Mkewe hakuinua macho kutoka kwenye mkasi.

"Panga foleni," alimwambia Spana. "Namhudumia mume wangu kwanza."