Usifute: Kamera Iliyoingia Mchanga

Baba Pacha hakujua kutulia. Alikuwa mwashi, na mikono yake ilitaka kazi hata siku ya mapumziko. Akiona bawaba imelegea, anaikaza. Akikuta imekazwa, anailegeza kidogo, halafu anaikaza upya. Majirani walimpenda, lakini walificha redio zao akipita.

Mkewe, Mama Pacha, alikuwa mpiga picha. Hakuwa na studio. Alikuwa na kamera ndogo ya dijitali, shuka jeupe la kutundika ukutani, na kigoda. Mteja alikaa kwenye kigoda pale sebuleni, akapigwa picha yake, akaenda zake. Miaka minne ilipita hivyo, mteja mmoja leo, mmoja kesho. Sasa alikuwa amepata kazi kubwa ya kwanza. Shule ya jirani ilitaka picha za vitambulisho vya wanafunzi mia mbili. Siku yenyewe ilikuwa Jumatatu.

"Usije na simu," Mwalimu Mkuu alimwambia. "Mwaka jana alikuja mtu na simu, watoto wangu wote wakatoka na pua kubwa. Nataka kamera. Ukifanya vizuri, kazi hii ni yako kila mwaka."

Mama Pacha alirudia maneno hayo nyumbani mpaka mapacha, binti zake wawili, wakayakariri.

Jumamosi asubuhi Baba Pacha alikuwa amemaliza kupiga lipu ukuta mrefu. Ulikuwa umenyooka vizuri, na alitaka kuuonyesha kwa watu.

"Mama Pacha, niazime kamera. Kesho kutwa wanaupaka rangi, hakuna atakayeiona kazi yangu."

"Piga kwa simu yako."

"Simu yangu unaijua. Kioo kimepasuka pande zote. Dakika tano tu, mke wangu."

Mama Pacha alimpa shingo upande. "Usiiweke chini."

"Niiweke chini? Mimi mtoto?"

Ukuta ulitoka vizuri kwenye picha tatu za mwanzo. Kisha Baba Pacha akaona ngazi imeegemea pembeni, inamharibia picha. Alitaka kuiondoa. Hakuiweka kamera chini, hapana. Aliiweka juu ya toroli, ikiwa bado inawaka. Ngazi ikagusa toroli, toroli likainama, na kamera ikatumbukia kwenye lundo la mchanga, uso chini.

Mchanga haukumtisha Baba Pacha. Alikuwa ameuchekecha kwa miaka kumi na tano. Aliiokota kamera, akaikung'uta kwenye goti, akaizima. "Hebu tuone," akasema peke yake, akaiwasha. Ule mdomo wa kamera unaobeba lenzi ulianza kutoka. *Krrr.* Akazima. Akawasha. *Krrr.* Mara ya nne mdomo ulikwama katikati. Haukutoka, haukurudi. Hapo ndipo kijasho chembamba kilipomtoka.

Alirudi nyumbani akitembea haraka, akawa anazungusha maneno tangu mlangoni.

"Mama Pacha, ukuta umetoka vizuri sana. Kamera tu ndiyo imekula mchanga kidogo."

"Imekula nini?"

Mkewe aliiona. Hakupiga kelele. Alikaa kwenye kigoda cha wateja, akaitazama kamera iliyobaki na mdomo nusu. Moyo ulimwuma kuliko alivyotaka kuonyesha. Miaka minne alikuwa ameingoja Jumatatu hii.

"Lete bisibisi," Baba Pacha alisema. "Naifungua sasa hivi."

"Usiiguse!" Mama Pacha alikuwa tayari amempigia fundi saa wa mtaa wa pili, ambaye pia hutengeneza kamera. Fundi alisikiliza, kisha akasema, "Nipe huyo aliyeiangusha."

Baba Pacha alibana simu kati ya sikio na bega. Kamera ilikuwa mikononi mwake tena.

"Toa betri," fundi alisema.

"Nimetoa."

"Usiiwashe tena. Halafu sikiliza vizuri: usifute."

"Aa, fundi! Sifuti hata moja!" Baba Pacha alijibu, huku amekamata pindo la shati lake anasugua kioo cha lenzi. "Nifute vipi, na picha za ukuta wangu zimo humo?"

Mama Pacha aliruka kutoka kwenye kigoda. "Baba Pacha! Unafanya nini?"

"Fundi kasema nisifute picha."

"Kioo! Kasema usifute kioo!"

Sauti ya fundi ikauliza polepole kwenye simu, "Mmefuta?"

"Kidogo," alisema Baba Pacha.

"Ileteni hapa. Na wewe, mifuko ya suruali ina nafasi? Tia mikono humo mpaka mfike."

Duka la fundi saa lilikuwa jembamba, lenye meza moja na taa moja. Fundi alivaa kioo cha kukuzia jichoni, akaigeuza kamera uso chini. Hakuitikisa.

"Wewe ni mwashi," alisema. "Msasa unajua kazi yake?"

"Kukwaruza."

"Huo msasa una nini juu yake?"

Baba Pacha alitazama pindo la shati lake. "Chembechembe," alisema.

"Basi ulisugua kioo kwa msasa. Chembe ya mchanga ni jiwe, hata iwe ndogo vipi. Ukiifuta kwa kitambaa, unaiburuta juu ya kioo. Iondoe kwanza. Kufuta ni baadaye."

Alichukua brashi laini, kavu, iliyo safi. Akaipitisha taratibu kwenye ufa kati ya mdomo na mwili wa kamera. Chembe zilidondoka kwenye karatasi nyeupe, moja, mbili, tano. Kisha akachukua mpira mdogo wa kupulizia. Akauminya, hewa ikatoka *fyu, fyu*.

"Kwa nini usipulize kwa mdomo?" Baba Pacha aliuliza. "Nina pumzi mimi."

Fundi alimsogezea kioo cha saa. "Puliza hapa."

Baba Pacha alipuliza kwa nguvu zake zote. Fundi akakiinamisha kioo chini ya taa. Kilikuwa na vidoa vya mate.

"Mate yanashika mchanga, na yanaacha alama," fundi alisema.

"Na maji? Sisi mchanga mchafu huwa tunauosha."

"Bahati yako hukuosha. Maji yangeingia ndani na mchanga pamoja, tungezika kamera. Mafuta nayo vilevile, mchanga unanata humo. Na pampu ya magari usiilete karibu. Hewa yake ina nguvu, inasukuma chembe ndani zaidi."

"Bisibisi je?" Mama Pacha aliuliza, akimtazama mumewe kwa jicho la pembeni.

"Nyumbani, hapana. Ndani mna kitu kinachohifadhi umeme wa taa ya kamera. Hata ukitoa betri, umeme unabaki, na unaweza kukurusha vibaya."

Baba Pacha alizidi kuchimbia mikono mfukoni.

Fundi aliweka kamera karibu na sikio, akaugusa mdomo kwa kidole kimoja bila kuulazimisha. Akatikisa kichwa. "Nje pako safi. Ndani bado. Mlipowasha, mota ilivuta mchanga hadi kwenye meno ya gia. Mara ya kwanza pengine ilikuwa chembe moja. Uliwasha mara ngapi?"

"Nne."

"Kamera ikianguka mchangani usiiwashe kuona kama ni nzima. Huko kuona ndiko kunakoiua. Niachieni mpaka kesho alasiri. Siahidi kitu."

Hayo maneno ya mwisho yaliwatesa Jumapili nzima. Baba Pacha alifagia uani mara tatu. Alipanga mabakuli kwa ukubwa, akayapangua. Alitoka kwenda dukani, akarudi bila kununua chochote. Alimwuliza mkewe saa, akauliza tena, kisha akaenda kuitazama mwenyewe. Mama Pacha alikunja shuka jeupe, akalikunjua, akalipiga pasi upya. Hawakugombana. Ingekuwa nafuu wangegombana.

Saa sita Baba Pacha alisimama mbele yake. "Nisamehe. Uliniambia, nikajifanya najua."

"Nimesikia," alisema Mama Pacha. "Kaa chini. Unanizungusha kichwa."

Alikaa. Goti lake liliendelea kucheza, lakini alikaa.

Alasiri fundi aliwaonyesha kipande cha karatasi. Juu yake kulikuwa na chembe tatu za mchanga. Baba Pacha alizitazama kwa muda mrefu. Alikuwa amebeba malori ya mchanga maishani mwake.

"Hizo tatu tu?"

"Hizo tu. Mama, washa wewe."

Mama Pacha aliweka betri. Akabonyeza kitufe. Mdomo wa kamera ulitoka wote, laini, bila kukwaruza. Alipiga picha ya saa zilizotundikwa ukutani, akaikuza kwenye skrini, akaichunguza kona zote. Pembeni mwa kioo cha lenzi palikuwa na mkwaruzo mwembamba kama unywele. Kwenye picha haukuonekana.

"Ungefuta mara ya pili, mkwaruzo ungeonekana," fundi alimwambia Baba Pacha. "Kuanzia leo, mkanda shingoni. Kwenye mchanga au upepo, itieni kwenye mfuko wa plastiki unaofunga vizuri. Muwe na brashi na mpira wa kupulizia. Na kabla ya kuigusa, nawa mikono, ikauke."

Jumatatu asubuhi Baba Pacha alibeba kigoda na shuka hadi shuleni. Mwalimu Mkuu alikuwa amepanga watoto uwanjani, kwenye jua.

Mama Pacha aliangalia uwanja. Upepo ulikuwa ukirusha vumbi. Kamera ilikuwa kifuani pake, ndani ya mfuko. "Hapa sitaifungua, Mwalimu," alisema. "Tuingie darasani, karibu na dirisha. Mwanga unatosha."

Mwalimu Mkuu alimtazama, kisha akaamuru madawati yasogezwe.

Baba Pacha alitakiwa kuwa kazini. Alijiambia anangoja picha ya kwanza tu. Alisimama nje ya dirisha, mikono nyuma. Mtoto wa kwanza alikaa. Kamera ikalia *chak*. Mama Pacha akatazama skrini, akaikuza picha, akaichunguza kona zote. Kisha akasema, "Anayefuata!"

Akaja wa pili. "Anayefuata!" Wa kumi. Wa arobaini. Mwalimu Mkuu alizitazama picha kwenye skrini, moja baada ya nyingine. "Hizi ndizo picha," akasema. "Mwakani usitafutwe. Uje mwenyewe."

Mwalimu alipotoka, alimkuta Baba Pacha pale dirishani, macho yamejaa machozi.

"Wewe baba, unasubiri nini?"

"Sisubiri kitu, Mwalimu. Namsikiliza tu."

Ndani ya darasa, mkewe aliita, "Anayefuata!"