Bili Iliyokataa Kushuka

Theluji ilikuwa imelala juu ya Tabriz kwa siku ya nne, na ofisi ya gesi ilikuwa imefurika watu hadi mlangoni, kila mmoja na bili yake mkononi na hasira yake kifuani. Sevil alirudi nyuma kumpisha mzee mwenye mkongojo, kisigino cha buti lake kikatua juu ya kiatu cha mtu. Aligeuka akiwa ameiva uso.

"Samahani, kaka."

"Usijali, dada. Vidole vyenyewe vimeganda, havijasikia kitu."

Alikuwa mwanamume mrefu mwenye sweta ya samawati iliyofumuka kiwikoni, begi la vifaa begani na doa la masizi shavuni ambalo bila shaka hakuwa na habari nalo. Aliitwa Eldar, fundi wa hita za gesi, na alikuja kupeleka karatasi za mita aliyoifunga. Yeye naye alimwona Sevil vizuri: koti refu la kijani lililomkaa kama lilizaliwa naye, mtandio wa sufu wa rangi ya zafarani, na macho ya mtu aliyesoma karatasi moja mara kumi asiielewe.

Na kweli hakuielewa. Bili ya Dei, mwezi wa kwanza wa majira ya baridi, ilikuwa karibu mara tatu ya ile ya mwezi uliotangulia, ilhali yeye na mama yake walikuwa wamezima hita ya sebuleni, wameziba nyufa za madirisha kwa vitambaa na walilala na soksi. Eldar aliomba aione. Alipitisha kidole kwenye mistari, kisha akamweleza polepole kwamba gesi huuzwa kwa ngazi. Anayetumia kidogo hulipa bei ndogo. Kila akivuka ngazi, kinachozidi hutozwa bei kali zaidi, na mwisho hutozwa bei ya adhabu.

"Kwa hiyo gesi haikupanda," alisema. "Mmepanda nyinyi."

"Tumepandaje na sisi tunatetemeka?"

Eldar alimrudishia bili yake. Alimwambia angekuja kuangalia, bila malipo, ila mguu wake ungehitaji chai ya fidia.

Sevil alikuwa na miaka ishirini na tisa. Alishona magauni ya maharusi katika duka moja karibu na soko kuu, na wenzake walimtania kwamba ameuvika mji mzima, amejisahau mwenyewe. Aliishi na mama yake, Bi Maral, katika sehemu ya chini ya nyumba ya ghorofa moja. Chumba cha juu, kinachofikiwa kwa ngazi ya nje, kilikuwa cha kaka yake Araz. Ilikuwa miaka sita tangu Araz alipoondoka kwenda ng'ambo kwa njia za vichochoro. Alipiga simu kila wiki, kisha kila mwezi, kisha simu zikakoma. Bi Maral alikifunga chumba na kuuficha ufunguo, na Sevil hakuuomba kamwe. Siku ya kuondoka alikuwa amegombana na kaka yake hata hakumuaga, na tangu hapo hakutaka kuikanyaga ngazi ile.

Eldar alikuja Alhamisi mchana. Sevil alikuwa dukani, kwa hiyo alipokewa na Bi Maral. Jioni alimpigia simu. Sevil alingoja kusikia ni bomba gani linalovuja, lakini Eldar alijikongoja kwa maneno. Alisema nyumba ni ya zamani, kuta ni nyembamba, joto linakimbilia nje.

"Kuta ni zilezile tangu babu," Sevil alisema. "Mwaka huu ndio zimekuwa nyembamba?"

Eldar alikohoa, akauliza kama anapenda biti za kuchemsha.

Alizipenda. Wakala pamoja Ijumaa pembeni mwa barabara, mvuke ukiwapanda usoni na vidole vikigeuka vyekundu. Toka siku hiyo simu hazikukatika. Eldar alimpigia akiwa juu ya mapaa ya watu, upepo ukimnyang'anya maneno, na Sevil alimjibu pini zikiwa mdomoni. Alimwita fundi masizi. Eldar naye alimwita binti sindano. Siku moja katikati ya mzaha alimwita roho yangu, wote wawili wakaanza kuzungumza habari za theluji kwa pamoja kama watu waliovunja sahani.

Lakini kila Sevil alipoigusa habari ya bili, Eldar alikwepa. Bili ya mwezi uliofuata, Bahman, ilikuja mbaya kuliko ya Dei. Sevil alimleta fundi mwingine, jirani wa dukani, akapima akasema hapa chini hapavuji kitu, na kuta hazina neno. Mita inazunguka kwa sababu kuna kinachowaka. Ni nini kinachowaka? Fundi aliinua mabega akaondoka, na Sevil akabaki akilitazama gurudumu dogo la mita likizunguka nyuma ya kioo, akihisi kama mtu anayesemwa na watu wa chumba cha pili.

Wiki iliyofuata mashine ya dukani iliharibika, akarudi nyumbani saa nane mchana. Alipofungua lango alimwona Eldar akishuka ngazi ya nje, mikono myeusi, begi begani. Eldar alimwona naye akasimama, mguu mmoja hewani.

"Ulikuwa wapi?" Sevil aliuliza.

"Nilikuwa naangalia bomba la maji."

Bi Maral alitokea mlangoni akiwa amejifunga shali, akasema haraka kwamba kijana wa watu alileta tu karanga na lozi, ndiyo kwanza amefika.

Majibu mawili, na hakuna lililomjua mwenzake. Sevil aliwatazama kwa zamu. Hakujua alikuwa akishuku nini hasa. Kwamba anaibiwa gesi? Kwamba mama ameuza chumba cha Araz? Kwamba mtu huyu ana mke huko juu? Kila wazo lilikuwa la kipuuzi, na kila moja lilimchoma.

"Eldar, nieleze," alisema. "Hata kama ni jambo baya."

Eldar alimtazama Bi Maral. Yule mama alitikisa kichwa kidogo sana, kama anayekataa chai.

"Muulize mama," Eldar akasema.

"Nimekuuliza wewe."

Eldar alishuka vidato vilivyobaki. Sevil alimfungulia lango na kumwambia asimpigie tena, kwa sauti ya chini iliyomuumiza Eldar kuliko kelele. Siku tisa simu yake ililia dukani, na siku tisa aliigeuza kifudifudi juu ya vitambaa. Usiku huo wa kwanza alimuuliza mama yake, akaambiwa tu kwamba kichwa kinamuuma.

Kilichomvuruga zaidi ni bili ya Esfand, mwezi wa mwisho wa baridi. Ilishuka. Haikushuka sana, ngazi moja tu, lakini baridi ilikuwa ileile na wao walikuwa walewale. Sevil aliisoma akiwa amesimama barazani, akaisoma tena, mara akageuka kuitazama ngazi ya nje. Juu ya kila paa la mtaa theluji ilikuwa nene. Juu ya chumba cha Araz ilikuwa imeyeyuka.

Alipanda. Mlango haukufungwa, mama yake alikuwa ndani.

Chumba kilikuwa na joto la chumba cha mgonjwa. Kitanda kilitandikwa, shuka lilinyooshwa, na sweta nzito ya Araz ilitundikwa kwenye kiti karibu na hita iliyowaka kwa moto mdogo wa buluu. Bi Maral alikuwa ameketi sakafuni akimenya tufaha. Hakushtuka. Alionekana kama mtu aliyechoka kubeba kitu na sasa amepata mahali pa kukiweka.

"Simu ya mwisho aliniambia huko aliko anakufa kwa baridi," alisema. "Nikamwambia vaa, mwanangu. Akasema hana cha kuvaa. Basi simu ikakatika." Alikata kipande cha tufaha akakiweka kwenye sahani. "Mwaka huu nimeota mara tatu anatetemeka. Nifanyeje mimi? Siwezi kumfikia. Nikawasha hapa."

Alieleza kwamba aliiwasha kwa moto wote tangu mwanzo wa Dei, na Eldar aliigundua siku ileile ya kwanza. Aliona pia bomba la moshi limezibwa na viota vya njiwa, na akamwambia bila kuficha kwamba moshi ule usioonekana humuua mtu ameketi. Alimsihi azime, naye alikataa. Akamsihi amwambie Sevil, naye akamwapisha asiseme. Basi yule kijana alirudi akazibua bomba, akaziba dirisha, na kila wiki alipanda kuhakikisha moshi unatoka; lakini kuupunguza moto hadi mwisho alimruhusu Bahman ilipokwisha.

"Kwa nini hukuniambia, mama?"

"Ungezima. Na ungekuwa na haki."

Sevil aliketi sakafuni. Alitaka kukasirika, akatafuta hasira asiione ilipo. Mkono wake ulinyoosha sweta ya kaka yake, akaanza kulia kwa ajili ya asubuhi ile ambayo hakumuaga, na mama yake akamsogezea sahani ya tufaha kama alipokuwa mtoto. Walikaa hapo mpaka mwangaza wa dirishani ulipoanza kuwa wa kijivu. Hakuna aliyeigusa hita.

Kesho yake, kazi ilipopungua, Sevil alichukua simu. Eldar aliitikia kabla ya mlio wa pili. Alikuwa juu ya paa, upepo ukivuma.

"Ulinidanganya," Sevil alisema.

"Nilidanganya. Kuta zenu hazina ubaya wowote."

"Ungeniambia tu."

"Ningekuambia ningevunja kiapo cha mama yako. Sikukuambia, nikakuvunja wewe. Nimepiga hesabu hiyo kila siku, Sevil, jibu haliji."

Sevil alishusha macho. Mbele yake kulikuwa na gauni jeupe la bibi harusi wa mtu, nusu limeshonwa.

"Ijumaa uje nyumbani," alisema. "Uje na mama yako."

"Mama?" Eldar alisikika amechanganyikiwa. "Mama ana magoti mabovu, na hajui lolote kuhusu hita. Kama ni ile ya juu, nitakuja mwenyewe na—"

"Eldar."

"Naam."

"Mwanamume huongozana na mama yake kwenda nyumbani kwa binti kwa shughuli gani?"

Upepo ulivuma. Kisha Sevil akasikia spana ikianguka juu ya bati, ikiteremka ikigonga hapa na pale hadi chini barabarani, na mtu fulani huko chini akilalama. Na Eldar, juu ya paa, akicheka asiweze kusema neno.