Friji Iliyobandikwa Nyota Nne

Kila Jumamosi asubuhi, kabla wateja hawajaanza kuingia, Kidoti humsaidia baba yake kwenye duka la friji. Hufuta vumbi, huviringa nyaya, halafu hubandika lebo za nyota zinazoletwa na watu wa shirika la viwango, waliopima kila friji inakula umeme kiasi gani. Kila lebo ina namba, nayo lazima ilingane na namba iliyo mgongoni mwa friji. Nyota zikiwa nyingi, friji hiyo hula umeme kidogo.

Jumamosi moja wenzake walikuwa wakimwita uwanjani. Kidoti hakuinama kusoma namba. Alibandika chapuchapu, huyoo, akatimua mbio.

Wiki mbili baadaye, mshonaji wa ng'ambo ya barabara, mama mtu mzima mwenye kisukari aliyekuwa amenunua friji ya nyota nne, aliingia dukani akitweta, chupa zake za insulini kifuani. Alisema uniti za umeme za mwezi mzima zimekwisha na umeme umekatika sasa hivi, na joto lilivyo kali, dawa ingeharibika.

"Mwanangu, uliniuzia friji au zimwi?" akamuuliza baba.

Baba aliziweka chupa upesi kwenye friji ya dukani. Akasema labda mlango haufungi vizuri, labda mita ina kasoro. Atamnunulia mshonaji uniti kidogo, fundi aje Jumatatu. Kidoti akazikumbuka lebo alizobandika mbiombio. Dawa zingerudi kwenye friji ileile, na umeme ungekatika tena, pengine mshonaji akiwa kazini. Naye akinyamaza, nani angejua?

"Baba," akasema, "mimi sikusoma namba."

Baba akachukua tochi. Wakavuka barabara wote watatu. Namba ya mgongoni ilikuwa ya friji ya nyota moja. Ile ya nyota nne ilikuwa bado dukani, imevishwa nyota moja, wateja wakiipita tu.

Kabla ya adhuhuri friji zilibadilishwa, na baba akaijaza mita kwa fedha yake. Kidoti aliomba radhi.

"Mjukuu wangu," mshonaji akamwambia, "mimi siwezi kuipasua friji nione inakula kiasi gani. Watu wa viwango wamenipimia, ili umeme ufike mwisho wa mwezi na dawa yangu ibaki salama. Ukibandika kivivu, kazi yao yote umeitupa, nami nimedanganyika. Ila umesema mapema. Ungengoja Jumatatu, ningekuwa nimejidunga dawa iliyokufa."