Mzee Safi na Kikopo cha Makohozi

Shati likitoka mikononi mwa Mzee Safi, hata nzi huona haya kutua juu yake.

Mzee Safi alikuwa dobi. Jina hilo alipewa na wateja, naye alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Chumba chake cha kazi kilikuwa uani, karibu na jiko la mkewe. Mlikuwa na meza ndefu iliyotandikwa blanketi, pasi ya mkaa, bakuli la wanga na marundo ya nguo za watu. Dirisha la chumba hicho halikufunguliwa kamwe. Mzee Safi alichelea vumbi lisiingie likachafua nguo nyeupe.

Asubuhi moja alikuwa akimgombeza mteja wake, mwalimu wa shule ya jirani.

"Mwalimu, hili doa umelificha!"

"Niliona haya, mzee," mwalimu alisema. "Ni mafuta ya baiskeli. Nikalikunja ndani."

"Haya ya nini? Ukilificha, nami nikapitisha pasi juu yake, linaganda hapo moja kwa moja. Sema mapema ni doa la nini, nijue dawa yake!"

Mwalimu akaomba radhi huku akicheka. Mzee Safi naye akacheka, lakini kicheko kikageuka kikohozi. Alikohoa mpaka akashika meza. Akageukia ukutani, akatema kwenye kitambaa, akakikunja upesi na kukitia mfukoni.

"Kikohozi hicho kimezidi," mwalimu alisema. "Nenda kituo cha afya. Wapo watu wa utafiti wa magonjwa ya kifua. Wanapima bure."

"Ni moshi wa mkaa tu, mwalimu."

Sikio halina pazia, na la mkewe lilikuwa jikoni, hatua chache tu.

"Moshi wa mkaa ndio unaokutoa jasho usiku?" mkewe aliuliza kwa sauti. "Moshi ndio unaokukondesha? Suruali zako zote nimezipunguza kiuno! Na binti yetu anajiandaa kuja kujifungulia hapa. Mjukuu wa kwanza, baba watoto! Utampokea na kikohozi hicho?"

Hapo Mzee Safi akaiweka pasi kando. Kwa habari ya mjukuu alikuwa hajiwezi. Nepi za mtoto, ambaye hata kuzaliwa bado, alikuwa amekwisha kuzifua, kuzipiga pasi, kisha kuzifua tena.

Basi akaenda.

Kituoni alipokewa na muuguzi wa utafiti, mwanamke kijana mwenye sauti ya taratibu. Alimwuliza maswali. Je, amekohoa kwa zaidi ya wiki mbili? Anapata homa? Anatoka jasho usiku? Amepungua mwili? Kila swali Mzee Safi alijibu ndiyo.

Muuguzi akampa kikopo kidogo chenye kifuniko.

"Kesho ukiamka, kabla hujala, sukutua kwa maji. Kisha toka nje, mahali penye hewa. Vuta pumzi ndefu, ukohoe kutoka ndani kabisa ya kifua. Kile kitakachopanda, tema humu, funika, utuletee. Tunataka makohozi, baba. Mate hayatusaidii."

"Nimeelewa, binti yangu."

Na kweli alielewa. Shida ilikuwa haya.

Asubuhi yake alitoka nje, akakohoa, akatema kikoponi. Akachungulia. Kilichokuwamo kilikuwa kizito, cha manjano, chenye mchirizi wa damu. Mzee Safi akasisimka mwili mzima. Tangu ajue kufua, hakuwahi kumkabidhi mtu kitu kichafu. Leo ampelekee binti wa watu uchafu kama huu?

Akaumwaga chooni. Akakiosha kikopo kwa sabuni, akakisuuza vizuri, akakianika kamba moja na nepi, kimeshikwa kwa kibanio. Kilipokauka akapiga mswaki, akatema mate meupe kama maji. Akakifuta kikopo nje mpaka kikang'aa. Akakifunga ndani ya leso iliyopigwa pasi, akakipeleka kituoni kifua mbele.

Siku zikapita bila neno lolote kutoka kituoni. Mzee Safi alisahau kwamba kimya kingi kina mshindo.

"Ningekuwa mgonjwa wangekwisha kuniita," alimwambia mkewe. Akachukua simu ya mkewe, akampigia binti yao. "Njoo, mwanangu. Baba yako ni mzima!"

Binti akafunga mizigo. Lakini kabla hajaondoka kwake, hodi ikapigwa uani kwa Mzee Safi. Alikuwa yule muuguzi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, binti yangu. Karibu."

"Nimekupigia simu mpaka nimechoka."

Simu ya Mzee Safi ilipatikana chini ya rundo la mashuka. Chaji ilikuwa imekwisha siku nyingi.

"Wenzangu wa maabara wanasema hawajapata kuona kikopo kisafi kama chako," muuguzi alisema.

Mzee Safi akatabasamu. "Ndiyo kazi yangu."

"Sikusifu, baba. Kikoponi mlikuwa na mate matupu. Tena yalinukia sabuni!"

Mkewe akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Baba watoto! Ulikiosha?"

Mzee Safi akatazama chini. "Kilichotoka kifuani kilikuwa kichafu, mama. Ningempaje mtu?"

Muuguzi alijikaza asicheke, akashindwa. Alicheka mpaka akaegemea nguzo ya kamba. Kisha akavuta kigoda, akakaa karibu na mlango.

"Nisikilizeni, wazazi wangu. Kifua kikuu huletwa na vijidudu, na vijidudu hivyo vimejificha ndani ya mapafu. Huko ndiko makohozi yanakotoka. Mate ni ya mdomoni tu. Tukipima mate, ugonjwa unaweza kuwapo tusiuone. Kwa hiyo mpaka sasa hatujui kama baba anaumwa au haumwi."

"Na binti yetu anakuja keshokutwa," mkewe alisema polepole.

Muuguzi akaacha kucheka. "Anakuja na mtoto?"

"Mtoto yuko tumboni. Siku zake zimekaribia."

"Basi tusichelewe. Mwenye kifua kikuu akikohoa, vijidudu hutoka na kuelea hewani. Chumba kikifungwa madirisha, vinabaki mle mle. Mtu mzima akivivuta, huenda asiugue. Kitoto kichanga hakina nguvu hiyo. Kinaweza kuugua vibaya sana, hata kufa."

Mzee Safi akakaa juu ya rundo la mashuka ya watu, jambo ambalo hajapata kulifanya maishani. Aliogopa. Aliiona mikono yake mwenyewe ikimbeba mjukuu, na kinywa chake mwenyewe kikimkoholea usoni.

Mkewe akamnyoshea mwiko. "Juzi umemgombeza mwalimu wa watu kwa kuficha doa la mafuta. Na wewe lako umelikunja ndani!"

Mzee Safi akamtazama mkewe. Akatazama pasi. Akajikuta anacheka, ingawa macho yalikuwa na machozi.

"Nimekamatika," alisema. "Binti yangu, nipe kikopo kingine."

Alikwenda nyuma ya nyumba, mahali penye upepo. Wanawake wale wawili walisubiri mbali.

"Hayo ni ya kooni, baba watoto!" mkewe alipaza sauti. "Shuka chini zaidi!"

"Ninyamazie, mama, majirani wanasikia!"

"Waache wasikie! Vuta pumzi!"

Alivuta, akakohoa, akatema, akafunika. Akarudi ameugeuza uso pembeni, mkono ameunyosha.

"Samahani sana. Ni kichafu."

Muuguzi alikiinua kikopo kwenye mwanga. "Baba, umenipa sampuli safi kabisa! Maabara watafurahi."

"Ama kweli dunia ina mambo," Mzee Safi alinong'ona.

Safari hii jibu halikuchelewa; lilikuja siku ileile. Kilikuwa ni kifua kikuu.

Daktari aliwaeleza kwamba ugonjwa huo unatibika, na kwamba dawa hutolewa bure. Kisha muuguzi akaleta jambo lake.

"Dawa za kawaida hunywewa kwa miezi sita. Watu wengi huchoka kabla hawajamaliza. Sisi tunafanya utafiti. Tunataka kujua kama mpango wa miezi minne unaponya sawasawa na ule wa miezi sita. Tunamwomba baba ajiunge nasi, kama atapenda."

Mkewe akasimama. "Utafiti? Mume wangu si panya wa maabara!"

"Una haki ya kuuliza, mama. Uliza yote."

"Nani anachagua huyu apate mpango upi?"

"Kompyuta, kama kupiga kura. Mimi sichagui, wala daktari."

"Na hizo dawa za mpango mfupi, mnazijua?"

"Tunazijua, nazo zinaua vijidudu. Lakini dawa yoyote inaweza kumsumbua mtu. Baba akiona tatizo, atuambie, tumwangalie mara moja."

"Akikataa?"

"Atapewa dawa za kawaida, bure, na nitaendelea kumwamkia shikamoo."

"Akichoka katikati?"

"Atatoka siku anayotaka, na matibabu yake yataendelea. Na siri zake hatumwambii mtu."

Mkewe akafikiri. "Na ninyi mnapata nini?"

"Tunapata kujua, mama. Hata hizi dawa za miezi sita, zamani kuna watu walikubali kupimwa nazo. Majina yao hatuyajui, lakini wagonjwa wanapona kwa sababu yao."

Muuguzi hakutaka jibu siku ile. Aliwapa maelezo wakayasome nyumbani. Waliyasoma, wakabishana, wakalala nayo. Asubuhi Mzee Safi akasema, "Mimi najiunga." Mkewe akasema, "Na mimi nitawahesabia vidonge, wasituibie hata kimoja."

Kura ikamtia katika mpango wa miezi sita.

"Hata kompyuta inanijua," Mzee Safi alisema. "Mimi mtu wa kufua taratibu. Sasa bado nina faida kwenu?"

"Kubwa sana," muuguzi alijibu. "Wa miezi minne tutawalinganisha na nani, kama si ninyi?"

Lililokuwa gumu ni kumpigia simu binti kabla hajaanza safari.

"Mwanangu, usije," Mzee Safi alisema. "Nilikudanganya bila kujua. Mimi ni mgonjwa."

Binti alilia, na baba yake akalia. Ikaamuliwa ajifungulie kwa mama mkwe wake.

Mambo yakabadilika uani. Dirisha la chumba cha kazi, lililokuwa limeng'ang'ania, lilifunguliwa kwa nyundo, na nguo nyeupe zikafunikwa shuka kuzuia vumbi. Mzee Safi alilala peke yake katika chumba hicho chenye upepo. Alivaa barakoa mbele ya watu, na akikohoa alifunika kinywa. Mkewe alipimwa pia, akaonekana hana ugonjwa.

Kila asubuhi alimeza dawa mkewe akimtazama. Siku ya kwanza alitoka chooni mbio.

"Mama! Mkojo wangu ni rangi ya chungwa!"

"Muuguzi si alisema? Ni rangi ya dawa."

"Alisema, lakini hakusema itakuwa rangi imara namna hii! Ingekuwa kwenye shuka nisingeiweza."

Baada ya wiki kadhaa kikohozi kilipungua. Jasho la usiku likakoma. Mzee Safi akaanza kula kama aliyetoka kulima, na mkewe akazirudisha suruali zote kiuno kilekile cha zamani.

"Nimepona," Mzee Safi alimwambia muuguzi. "Dawa za nini tena?"

"Baba, doa limefifia. Limetoka?"

Mzee Safi akaguna. Akameza.

Mjukuu alizaliwa, mtoto wa kike. Picha yake ikaja kwenye simu ya mkewe.

"Amefanana na mimi," Mzee Safi alisema.

"Kwa kipara, ndiyo," mkewe alijibu.

Alicheka na wenzake, lakini peke yake aliumia. Jioni aliomba simu, akaitazama picha ile, akairudisha. Mtoto alikuwa anakua, na babu hajamgusa.

Kila alipotakiwa kupeleka makohozi, alipeleka bila kinyongo. Hatimaye kifua kikakauka, akawa anahangaika kupata hata kidogo. Siku moja muuguzi alikuja mwenyewe uani, wala hakungoja kukaribishwa.

"Hakuna kijidudu hata kimoja!" alisema. "Daktari ameruhusu. Dawa utamaliza zote mpaka mwisho, lakini mjukuu wako unaweza kumshika."

Mkewe alipiga kigelegele, na majirani wakatoka nje kuuliza kuna harusi ya nani.

Binti alifika Jumamosi. Mzee Safi alikuwa amevaa shati lake jeupe kuliko yote, mikono ameiosha mpaka vidole vimekunjamana. Lakini mtoto alipoletwa karibu, alirudi nyuma.

"Daktari alisema kweli?" alimwuliza mkewe.

"Alisema kweli."

"Waulize tena."

"Baba," binti yake alisema, "mshike."

Akamweka mtoto mikononi mwake. Alikuwa mzito kuliko kwenye picha, na mwenye joto. Akamtazama babu yake kwa makini, kisha akapiga miayo.

Mzee Safi alilia. Alilia mbele ya mkewe, mbele ya binti yake na mbele ya majirani waliojazana mlangoni. Machozi yalitiririka, makamasi nayo yakafuata, yakadondoka juu ya shati. Mkewe akamletea kitambaa. Hakukipokea. Mikono yake yote miwili ilikuwa na kazi.