Taa Alizoacha Birago

Gari la Birago lilizima katikati kabisa ya mzunguko wa Suame, Jumamosi asubuhi, wakati Kumasi nzima imevaa nyeusi na nyekundu inakwenda kwenye mazishi. Honi zikamzonga kila upande. Naye alikuwa amependeza, maskini: kaba nyeusi, blauzi ya kubana aliyoishona mwenyewe, imemkaa kiunoni sawasawa, na kitambaa chekundu kichwani. Akapiga stata, gari likakohoa. Akapiga tena, kimya.

"Dada, kama umeamua kulizika hapo hapo, tuambie tuchange!" dereva wa teksi akamfokea.

"Kamchangie mama yako!" Birago akajibu, machozi yanamlengalenga.

Hapo ndipo Okyere alipotokea, akitokea upande wa Magazine, kule kwenye gereji zisizo na idadi. Betri begani, nyaya shingoni, shati la buluu limetobolewa na tindikali kama chujio. Na meno! Jamani, kuna wanaume Mungu amewapa meno kwa makusudi ya kusumbua watoto wa watu.

"Pole, dada. Marehemu alikuwa anaumwa nini?"

"Marehemu gani? Kaka, sina muda wa utani. Nachelewa msibani."

"Msiba hauendi popote. Fungua boneti."

Akatua betri yake, akafunga nyaya, kisha kabla ya kuziunganisha kwenye gari akagonganisha vibanio viwili. Cha! Cheche zikaruka, njano na buluu, mbele ya pua ya Birago. Mafundi wote wa Magazine hufanya hivyo. Wanamwonyesha mteja kwamba betri ina moto, ndipo waanze kazi. Fundi asiyetoa cheche mteja humwona tapeli.

"Mama yangu!" Birago akaruka nyuma, kitambaa kikamdondoka. Halafu akacheka, yeye aliyekuwa karibu kulia. "Hebu tena."

"Tena ni ya nini? Moto umeshauona."

"Tena nimesema!"

Akagonganisha tena, mara hii akimtazama usoni badala ya kutazama mikono yake. Gari likawaka. Birago alifika msibani amechelewa, akakaa kati ya waombolezaji anatabasamu peke yake, mpaka shangazi yake akamfinya.

Wiki haikuisha, simu ya Okyere ikalia.

"Fundi? Mimi yule wa Suame. Gari limekufa tena."

"Yule wa kitambaa chekundu? Liko wapi?"

"Hapa hapa dukani kwangu, Bantama. Si ulisema umelitengeneza?"

"Dada, mimi nilisema limewaka. Sikusema limepona."

Alikuja. Likawaka. Birago akamlisha fufu na supu ya mbuzi kwenye benchi la nje ya duka lake la kushona, eti ni asante. Wiki iliyofuata likafa tena. Na iliyofuata.

Ukweli ni huu, na Birago hakumwambia mtu yeyote: gari lile la marehemu baba yake halikuwa na ugonjwa wowote. Alikuwa anaacha taa zinawaka makusudi mpaka betri inakauka, halafu anapaka mafuta midomoni, anapiga simu. Mwanamke wa Kiashanti mwenye duka lake atamwambiaje fundi kwamba amemkumbuka? Afadhali gari liseme.

Mapenzi yakashika. Okyere akawa anamwita Betri Yangu, na yeye akawa anamwita Marehemu. Wakaanza kuongea kwenye simu mpaka masikio yanapata moto.

"Betri Yangu, umekula?"

"Nimekula. Wewe je, Marehemu?"

"Marehemu hali. Anasubiri kuletewa."

Ikafika mahali wajomba wa Okyere wakanunua chupa mbili za pombe ya kubishia hodi, wakapanga Jumapili ya kwenda kwa kina Birago kusema kwamba kijana wao ameona ua kwenye ile nyumba. Birago akajishonea gauni jeupe la siku hiyo, akalificha chini kabisa ya sanduku.

Basi siku moja akapita sokoni Kejetia kununua nyuzi. Akamwona Okyere ameinamia boneti ya mwanamke mwingine, mnene, mweupe, ana hereni za dhahabu. Okyere akagonganisha vibanio. Cha! Mwanamke akapiga kelele, akamshika bega. Okyere akacheka na meno yale yote.

Mtu mzima akipenda hugeuka mtoto. Birago alijua fika kuwa ile ni kazi ya mtu, lakini zile cheche moyoni mwake zilikuwa zake. Akarudi nyumbani bila nyuzi. Simu ikalia, hakupokea. Ikalia tena, akapokea.

"Betri Yangu, mbona..."

"Unamwonyesha nani moto wangu?"

"Moto gani tena?"

"Nenda kamuulize yule wa hereni!"

Akakata. Okyere alipiga siku hiyo, akapiga na iliyofuata, akaja dukani akakuta mlango umefungwa na Birago yuko ndani anasikiliza anavyobisha. Wajomba wakaambiwa wasubiri. Chupa zikarudi kabatini.

Hasira ikapoa kabla ya kiburi. Birago akaanza kumtamani mpaka akawa anakosea mishono. Kumpigia na kusema nisamehe, mdomo ulikataa. Ijumaa jioni akatoka, akavuta swichi ya taa za gari, akaziacha zinawaka uani. Akalala usingizi mzuri, wa kwanza baada ya siku nyingi.

Asubuhi akapiga simu. "Fundi. Gari limekufa."

Halafu akamsikia anacheka taratibu. "Nakuja, mama. Nakuja mbio."

Alikuja kweli mbio, amenyoa ndevu, amevaa shati lisilo na matundu. Hawakusemana habari za ugomvi. Akafungua boneti, akaunganisha, Birago akapiga stata. Gari likakoroma, likakataa. Ile betri ilikuwa imechoka. Imekaushwa na kufufuliwa mara nyingi kupita kiasi.

"Iache inywe moto kidogo," Okyere akasema. Akamsogelea kwenye dirisha. "Bado umenikasirikia?"

"Ndiyo."

"Yule mama wa hereni ana wajukuu."

"Sijali wajukuu." Lakini alikuwa ameshaanza kutabasamu. Akashuka, akajiegemeza kwenye mlango. "Nionyeshe wangu."

"Wako nini?"

"Moto wangu. Nionyeshe mimi."

Betri ilikuwa inachemka ndani kwa ndani, inatoa ule mvuke wake usioonekana wala kunusika vizuri, nao umejaa chini ya boneti. Okyere akachomoa vibanio viwili, akainama pale pale juu ya betri, akamgeukia Birago kuhakikisha anatazama, kisha akagonganisha.

Haikulia cha. Ililia kama mlango wa chuma umeng'olewa. Birago alipofumbua macho, betri haikuwa na mfuniko, na Okyere alikuwa amepiga magoti chini, mikono imefunika uso, anasema kwa sauti ndogo kama mtu anayeomba radhi, "Inaniunguza. Birago, inaniunguza macho."

Majirani wakaja. Teksi! Hospitali! Haraka! Wakambeba, wakamtupa kiti cha nyuma, Birago akashika kichwa chake mapajani. Njia ikawa imefungwa na magari ya Jumamosi, magari ya mazishi. Wanawake wenye beseni za maji ya mifuko wakawa wanagonga dirisha: maji baridi, maji baridi! Birago akawafukuza kwa mkono. "Tokeni! Hamwoni nina mgonjwa?" Na mwingine akagonga, naye akamfukuza.

Daktari, mwanamke mtaratibu, alimuuliza jambo moja. "Mlimwosha macho?"

"Tulikimbia kuja, daktari."

"Hata maji kidogo njiani?"

"Hatukujua, daktari."

"Tindikali hailali, mwanangu. Inaendelea kula. Yangetakiwa maji, maji mengi, pale pale, muda mrefu, kabla hata hamjaita gari." Akasema kwa upole, na huo upole ndio uliomuua Birago. Ile sauti ya kugonga kioo, maji baridi, maji baridi, iliingia masikioni mwake na haijatoka mpaka leo.

Macho hayakupona, hata moja. Na alipotoka hospitali, Okyere alituma neno kupitia kwa mama yake, Mama Foriwaa: Birago asije. Simu yake ikawa haipatikani. Birago akajua moja kwa moja. Amejua habari za taa. Amekaa gizani amehesabu, amejua ni mimi.

Msimu wa vumbi ukapita, mvua zikaanza. Birago alishona nguo za misiba ya watu na kulia juu ya cherehani mpaka wateja wakadhani anawalilia marehemu wao. Mwishowe akasema, liwalo na liwe. Akatoa lile gauni jeupe chini ya sanduku, akavaa. Akanunua chupa mbili za pombe. Gari alishalitia betri mpya. Akaendesha kwenye mvua mpaka Tafo, nyumbani kwa Mama Foriwaa.

Okyere alikuwa amekaa barazani. Uso ulikuwa na makovu kama karatasi iliyokunjwa ikakunjuliwa. Kabla Birago hajashuka, akasema, "Mkanda wa injini umelegea. Unalia."

"Nitaukaza," Birago akasema, akashuka na chupa zake.

"Umekuja na nani?"

"Peke yangu." Akaziweka chupa sakafuni mbele ya miguu yake. Okyere akapapasa, akagusa shingo ya moja, akagusa ya pili. Akaelewa.

"Wewe mwanamke una wazimu. Tangu lini mwanamke akabisha hodi?"

"Tangu leo. Lakini kwanza nisikilize, ndipo unifukuze." Akapiga magoti. "Gari halikuwa linakufa, Okyere. Mimi ndiye niliyekuwa naacha taa. Kila mara. Na siku ile pia. Nilitaka uje. Nilitaka tu uje."

Mama Foriwaa, aliyekuwa jikoni, aliacha kutwanga.

"Nilijua," Okyere akasema.

"Umejua lini?"

"Mara ya pili tu. Nilikuta swichi imevutwa. Nikairudisha mwenyewe, usije ukaona haya." Akatabasamu, yale meno bado yapo yote. "Ulifikiri fundi wa betri hawezi kujua taa iliyoachwa? Kila Jumamosi nilikuwa nawahi kuoga, nasubiri gari life."

Birago akaweka kichwa kwenye goti lake, akalia kilio cha sauti, kilio cha mtu aliyebeba kitu kizito muda mrefu. Okyere akamshika kichwa, vidole vikapita kwenye nywele, kwenye shavu, kwenye mkono wa gauni.

"Umevaa nini?"

"Jeupe. La ile Jumapili yetu."

Mikono ya Okyere ikasimama.

"Nioe," Birago akasema. "Mimi nitakuwa macho yako."

"Ndiyo ninachokiogopa hicho." Alisema polepole, kama mtu anayekanyaga mahali asipopajua. "Sikukukataza kuja kwa hasira. Sina hasira na wewe, Betri Yangu, hata tone. Lakini kila utakaponishika mkono kunivusha barabara, utakuwa unalipia ile siku. Mimi nitakusikia unalipia. Mimi nataka mke anayenichokoza, anayenifokea moto wangu uko wapi. Wewe leo ungeweza kunifokea?"

Birago akatikisa kichwa gotini mwake.

"Mwezi ujao nakwenda kule milimani, kwenye shule ya wasioona. Nitajifunza kusoma kwa vidole. Nataka nijijue kwanza. Usinisubiri. Ukinisubiri nitajua, na sitajifunza kitu. Chukua chupa zako."

"Okyere..."

"Chukua, mama."

Alizichukua. Akaingia garini, akapiga stata. Kimya. Akapiga tena. Taa! Alikuwa ameziwasha kwenye mvua, na kwa hofu ya kufika akasahau kuzizima. Okyere akaanza kucheka huko barazani, akacheka mpaka akashika mbavu, na Birago naye, machozi yanamtiririka, akacheka.

"Safari hii nimesahau kweli!"

"Najua! Nimesikia sauti yako!"

Jirani mwenye teksi akaleta gari lake na nyaya. Akachukua vibanio viwili ili avigonganishe, kama kawaida ya Kumasi.

"Acha!" Okyere alipiga ukelele ambao watu wa Tafo hawakuwahi kumsikia akiupiga. Halafu, kwa utulivu: "Mpe Birago. Zimeni magari yote mawili. Birago, nyekundu kwenye chanya ya betri yako. Umeweka? Nyekundu ya pili kwenye chanya ya jirani. Sasa nyeusi, kwenye hasi ya jirani. Ile ya mwisho usiipeleke kwenye betri yako. Usiipeleke, unanisikia? Tafuta chuma kitupu kwenye injini, mbali na betri. Geuza uso. Umegeuza?"

"Nimegeuza."

"Bana."

Akabana. Hakukuwa na cheche ya kuonekana. Jirani akawasha lake, Birago akawasha lake, nalo likanguruma mara moja.

"Nenda," Okyere akasema. "Usizime mpaka ufike nyumbani."

Kwenye kioo Birago alimwona amesimama, uso ameuelekeza barabarani, lakini kidogo pembeni ya mahali gari lilipokuwa. Alipofika Bantama, uani kwake, mvua ilikuwa imekatika. Akashika ufunguo, mkono ukakataa. Simu ikalia. Ilikuwa namba ile aliyoizoea, iliyokuwa haipatikani.

"Umefika?"

"Nimefika."

"Zima sasa."

"Nikizima, Okyere, ndiyo basi tena..."

"Najua. Zima."

Birago akazima taa kwanza, akahakikisha swichi imerudi, ndipo akazima injini.

"Vizuri," Okyere akasema, na akakata simu.